Filimbi Tumboni mwa Mbwa

Dahir, ina adeer, mwana wa ami yangu,

Amani ikufikie huko chini ya mchanga. Hapa Garissa nawaambia wajukuu kwamba mimi, kwa mikono yangu miwili, nilimlaza mbwa wa afande juu ya meza ya eksirei akatulia kama kondoo. Wanaamini. Wewe unajua ni uongo. Aliyemshika ni wewe. Mimi nilijibanza nyuma ya mlango na ufagio wangu, nimepandisha kikoi mate yasinifikie.

Siku zile za vita vya shifta tulifungiwa ndani ya seng'enge, kijiji kizima. Filimbi ya afande ikilia asubuhi, mbuzi hutoka kwenda mtoni. Ikilia jioni, wote ndani. Mimi na wewe tulikuwa na pasi ya hospitali, wewe kupiga picha za mifupa, mimi kufagia. Basi filimbi ikapotea, afande akasema tumeiiba. Kesho yake mbwa wake akaanza kutapika, akasema tumempa sumu. Akafunga lango.

"Mpaka nimjue aliyefanya hivi, hata mbuzi hatakunywa."

Siku mbili mbuzi walilia. Kisha wakanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikotutisha.

Ukamwambia, "Afande, sumu haionekani kwa picha, lakini kitu kilichomezwa huonekana. Mlete." Akatufungia chumba cha eksirei pamoja na mbwa, yeye nje na ufunguo.

"Njoo ushike miguu," ukaniambia.

"Nina udhu."

"Wewe? Tangu lini una udhu saa nne asubuhi?"

Leo nikwambie nilichokuficha. Nilikuwa nimemtupia yule mbwa mfupa wa ngamia, kwa utundu tu, nimwone akihangaika nao. Ndiyo maana nilishikamana na ule mlango. Nilijua watu wote wale wamefungiwa kwa mfupa wangu.

Ulimpiga picha ya ubavu, kisha ya chali, maana upande mmoja hudanganya. Ukaitoa kwenye dawa ikichuruzika, tukaiinua dirishani. Mfupa haukuwepo. Ndani ya tumbo, nyeupe pee, ilikuwepo filimbi na kipande cha mnyororo wake.

"Usicheke," ulininong'oneza. "Ukicheka tumekwisha."

Mbwa akahema, nami nikangoja filimbi ilie humo tumboni.

Afande aliitazama ile picha, akapapasa mfuko wa shati. Hakuomba radhi. Mbwa akalishwa uji mzito, na kesho yake filimbi ikatoka kwa mlango wa nyuma. Bwana yule aliiosha mara moja tu, akaitia mdomoni, akapuliza. Lango likafunguliwa. Mbuzi walitoka wakipepesuka, na sisi wawili tumeuma shuka zetu.

Wewe ulikuwa umejiosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofunzwa tukiguswa na mate ya mbwa. Jioni ya siku ile ya picha, tuliporudishwa ndani, lango bado limefungwa, maji uliyotumia yalikuwa yangu, birika langu la mwisho. Ulisema, "Nitakurudishia tukitoka."

Tukatoka. Ukahamia Bute, ukazikwa huko. Mimi hata sijui kama nilitoka. Watoto wakicheza mpira na mmoja akapuliza filimbi, miguu hunipeleka nyumbani kabla kichwa hakijakataa. Nikishaingia nafunga mlango, nakaa, nakukumbuka na mbwa wako, nacheka peke yangu kama mwehu.

Siku zangu si nyingi, nakuja. Niwekee birika langu mlangoni. Liwe limejaa.

Mwana wa ami yako, yule wa ufagio.