Mikaratusi Uliyopandiwa Kando ya Mto

Baba,

Tangu tukuzike sijapata kuongea nawe vizuri. Kila nikija kaburini nakuta mtu. Basi nakuandikia nikiwa jikoni, mvua ya Elburgon imeshika, na viganja bado vinaniuma.

Nimeing'oa ile miti. Najua huijui, kwa hivyo nisikilize.

Siku ya mazishi kila familia ilileta mche wa kukukumbuka. Kaka yako, Ankol Ndung'u, alileta mikaratusi, pikapu nzima, akaipanda mwenyewe kando ya mto, kwenye zile nyasi ulizozilinda kuliko ulivyotulinda sisi. Shamba lake haligusi mto. Kwake mti ni mti. Alipanda huku analia, suti imejaa matope hadi magotini. Ungemwambia nini mtu kama huyo? Tukamwacha apande. Na wewe ndiye uliyekuwa ukisema mkaratusi hunywa maji ya mto kama dereva wa lori anywavyo bia akifika Salgaa.

Wiki iliyopita afisa wa kaunti alikuja kukagua mashamba ya kikundi chako cha kutunza mto. Akapita kwa jirani yetu Mama Chebet, akasifu matuta yake. Alipofika kwetu akasimama mbele ya mikaratusi. "Madam, bluegum kwa riparian, hapa ukingoni mwa mto? Hii lazima itoke, ama kikundi yote haipati kitu." Kikundi chote, Baba. Watu uliowashawishi mmoja mmoja waache kulima sukuma mpaka majini, ukiwaapia kwamba serikali itawalipa kwa kuutunza mto. Mvua ndiyo hii, nao wanangoja malipo hayo wanunue mbegu ya viazi. Mama Chebet, aliyekuwa ameandamana naye, alinitazama tu. Afadhali angenitukana.

Nikaenda kwa Ankol kumsihi akubali tuing'oe. Hakuniambia hata nikae. "Wewe Wambui, hiyo miti ni ndugu yangu. Ukitoa moja, ni yeye umefukua." Niliondoka bila kufunga lango lake.

Juzi nikashuka mtoni na jembe. Nikamkuta Ankol ameketi kwenye nyasi, panga mapajani. Niliogopa, Baba. Nilianzia upande wa mbali, nikampa mgongo asione uso wangu. Kila nilipong'oa mche nilitega sikio nisikie kama ameinuka. Nilipoufikia ule uliokuwa karibu na mguu wake, akasema polepole, "Huo niachie." Mmoja tu. Nilitaka kumwachia, Mungu ananiona. Lakini afisa angeuona, na watu wako wangekosa. Nikauchimba. Alitazama mpaka mizizi ikatoka, kisha akauchukua mikononi mwangu, akaubeba na udongo wake, akaenda zake bila kwaheri.

Leo afisa amerudi, na tumepita. Wenzako wananiambia nimefanya kama wewe. Mimi najisikia mwizi. Nimemwona Ankol akizunguka kwa barabara ya juu, kwenye matope, asilione lango letu.

Nakuacha upumzike, Baba. Ulikuwa na kaka mmoja tu, na mimi ndiye niliyemfukuza kwako. Jumapili tukitoka kanisani nitaenda kwake. Nakuahidi hivi: akinifungia mlango nitaketi nje, na Jumapili inayofuata nitaketi tena, hata kwa mvua hii, mpaka anifungulie.

Binti yako,
Wambui