Ule Mstari Ulikuwa wa Sato

Yasmin upo? Nimejifungia kwenye choo cha maabara, sitoki.

Unakumbuka ule mstari niliouona jana kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli? Ule niliokutumia picha, nikakuandikia HISTORIA?

Leo nimeutetea mbele ya wageni wote. Nimewaambia gesi imetua juu ya kipande cha shaba, ikaungana, ikazaa molekuli ndefu ambayo hatukuitarajia. Wakapiga makofi. MAKOFI, Yasmin!

Dokta Otuoma, msimamizi wangu, hakupiga. Akaniuliza taratibu, "Hiyo shaba uliishika kwa glavu?"

Nikasema niliigusa pembeni tu.

"Na jana mchana ulikula nini?"

Mbele za watu! Nikajibu sato wa kukaanga, kama leo.

Akanipa shaba nyingine, safi, haijaonja gesi yoyote. "Gusa." Nikagusa. Akaiingiza kwenye mashine, tukasubiri. Mstari ukapanda palepale. PALEPALE! "Nusrat," akasema, "hayo ni mafuta ya samaki." Maabara nzima ikaangua kicheko. Na nilinawa kwa sabuni jamani!

Subiri, bado.

Jana nilimwambia baba. Sasa hivi nimempigia nimwombe asimwambie mtu, kumbe yuko kwenye kivuko, anatoka Sengerema kuja kunipongeza. Namsikia anawatangazia abiria, "Binti yangu kagundua kitu hata wazungu hawajakiona!"

Nimeshindwa kumwambia. Nikamuuliza tu kabeba nini, mbona kelele za ndoo.

Sato, Yasmin. Wa kukaanga.