Nilishuhudia Nimepona Sukari, Sasa Naona Haya Kurudi Kupima

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana jambo hili sina wa kumwambia. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, nashona sare za shule, na mwaka juzi Mungu alinipa kitinda mimba nisiyemtarajia, ila mimba ile ilikuja na kisukari, nikachomwa sindano mpaka siku ya kujifungua, halafu wakanipima wakasema sukari imeshuka, na mkunga akaniambia, "Mama, wiki ya sita urudi tukupime tena, usipuuze," nikaitikia vizuri tu, lakini mtoto alipotimiza mwezi nilisimama naye mbele ya ibada nikashuhudia kwamba nimepona kabisa, watu wakapiga vigelegele, na tangu hapo naitwa Mama Ushuhuda.

Wiki ya sita ilipofika nikajiuliza, nikirudi kupima si nitakuwa namwambia Mungu simwamini? Nikakaa. Sasa mtoto ana mwaka na nusu, nami nina kiu isiyokatika, chooni ni kwenda na kurudi mpaka cherehani nimeisogeza mlangoni, magauni yananipwaya, na kutunga uzi kwenye sindano ni kubahatisha. Mume wangu ni dereva wa malori, namwona mara moja kwa mwezi. Wenzangu wa ibada wakija, wanakuja na mgonjwa nimwombee. Juzi mmoja akaniambia, "Mama Ushuhuda, unarudi usichana, utatuibia waume!" Nikacheka naye. Alipotoka nikafunga mlango nikalia. Nifanyeje?

*Mama Ushuhuda*

Jibu:

Pole, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikasirika. Kushuhudia hukukosea, sukari ilishuka kweli, ukashukuru. Ulikosea ulipoufanya ushuhuda kuwa cheti cha daktari. Kisukari cha mimba mara nyingi huondoka mtoto akizaliwa, lakini aliyewahi kukipata yuko karibu zaidi na kisukari cha kudumu. Ndiyo maana uliitwa wiki ya sita, na hata ungekutwa salama ungetakiwa kupima tena kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, maisha yako yote. Tena usimsingizie Mungu. Unaowaogopa ni wale wa vigelegele.

Dalili zako hazingoji. Kesho asubuhi usishone. Nenda kituo cha afya useme hivi: "Nilipata kisukari cha mimba, sikurudi kupimwa, sasa nina kiu na ninakonda." Usishinde njaa ukingoja siku nzuri ya kipimo, nenda ulivyo. Ukianza kutapika au kupumua kwa shida, ni hospitali saa hiyohiyo. Ukikutwa na sukari, dawa zipo, na mtoto utamlea. Usipokutwa nayo, watatafuta kinachokukondesha.

Mume wako mpigie leo, usimsubiri mwisho wa mwezi. Na wenzako waambie. Umewaombea wangapi, mama? Wao watakuombeaje kwa jambo wasilolijua?

Ukishapima, niandikie. Anza na namba waliyoisoma kwenye kipimo. Ya moyoni tutaongea baadaye.