Siku Waliyomshangilia Mtoto wa Mfalme

Mama,

Nakuandikia nikiwa uwanja wa ndege wa Baiyun, huku kwa Wachina, nimekaa mbali kidogo na foleni ya kukagua pasipoti. Mjukuu wako amelala kifuani mwangu, nimemfunga kwa kanga. Mwandiko huu utausamehe. Kila nikimwona mtu mwenye sare anapita, kalamu inasimama yenyewe.

Ndiyo, mjukuu. Uliondoka bila kujua. Hata mimi sikujua, kwa kuwa niligundua baada ya Elia, mkweo, kusafiri kuja kukuzika. Tulikubaliana aje yeye kwa niaba yetu sote wawili kwa sababu mimi nilikuwa nasubiri viza iongezwe, na ningetoka nisingerudi. Basi aliyetoka ni yeye, na yeye ndiye aliyenyimwa viza ya kurudi. Yangu nayo haikuongezwa. Kila dirisha nililokwenda walitikisa kichwa, “meiyou, meiyou,” hakuna, hakuna. Ilipoisha nikawa mtu wa kujificha. Mimi, mwanao, niliyekuwa napanda basi kwenda Xintang kuchagua suruali za jinzi na kubishana bei hadi laoban, mwenye duka, anacheka, nikawa siwezi kushuka ngazi kununua mkate bila kuchungulia barabara kwanza.

Bi Salma alinipokea. Ni mama wa Kizanzibari anayepikia wafanyabiashara pilau nyumbani kwake, karibu na jengo la biashara la Tianxiu. Yeye viza yake ilikuwa nzima. Alinipa chumba cha ndani na kuniambia, “Kaa, mwanangu. Mie sikuulizi kitu.”

Sasa nikusimulie ile siku, maana ni wewe pekee ambaye ungeielewa vizuri.

Unamkumbuka yule binti wa kifalme wa Ulaya, ambaye gauni lake la harusi ulilikata gazetini ukalibandika juu ya cherehani? Ukawashonea maharusi wa Moshi wote kola ile ile. Ulikuwa unamwita “mtoto wetu,” kana kwamba alizaliwa Kibosho. Baba alikuwa anachukia. “Mama Neema, nchi hii ni jamhuri! Wafalme tuliwaondoa, wewe unawarudisha ukutani!” Nawe unamjibu bila kuinua macho kwenye sindano, “Nimewarudisha ukutani tu, si Ikulu.” Halafu unatusimulia ulivyokuwa mdogo, mtoto alipozaliwa nyumbani kwa mtawala wetu Mangi, mkapeleka maziwa na ndizi, wanawake wakipiga vigelegele njia nzima. Baba anasema, “Mlipeleka ndizi mkarudi na njaa.” Nawe unasema, “Tulirudi tukiimba.” Miaka yote niliyokaa nyumbani sikuwahi kuona mmoja wenu akishinda.

Basi “mtoto wetu” amejifungua, Mama. Mtoto wa kiume. Ilikuwa mchana, watu wanakula kwa Bi Salma, televisheni imewashwa. Mtangazaji akasema uzito wa mtoto, akasema saa aliyozaliwa, akasema mama yake ameamka vizuri na amekunywa chai. Watu maelfu walikuwa wamesimama nje ya lango la jumba la kifalme na bendera, wengine wanalia. Kule kwenye meza ubishi ukaanza. Mkenya mmoja muuza simu akasema, “Sasa sisi inatuhusu nini? Hawa wanalipwa kuzaa!” Mwenzake akasema wacha washangilie, angalau wana kitu cha kushangilia kisicho uchaguzi. Mwingine akauliza kama angekuwa wa kike wangepiga mizinga yote ile. Magazeti, wakasema, ndiyo yanayotutia wazimu. Bi Salma, ambaye kwao walikuwa na sultani, hakuchangia neno kuhusu wafalme. Alisema tu, “Kitoto kichanga hicho. Hakijamkosea mtu.”

Mimi nilikuwa mlangoni mwa chumba cha ndani, nimeshika kiuno. Uchungu ulikuwa umeanza asubuhi, nami nilikuwa sijamwambia mtu. Niliogopa kuuambia hata mwili wangu.

Ndipo simu ya mtu ikaita. Akasikiliza, akasimama. “Wako chini. Wanapanda.”

Sijui kama umewahi kuona chumba kinavyokufa, Mama. Sahani zilibaki na wali wake. Wenye viza mbovu walitoka kwa ngazi za nyuma, viatu mkononi. Mimi nilijaribu hatua moja na maji yakanimwagikia miguuni. Bi Salma akanishika kwapani, akaniingiza ndani, akanitia ncha ya kanga mdomoni. “Uma hapo. Usipige kelele, mwanangu. Nakuomba.” Kisha akarudi sebuleni, akaongeza sauti ya televisheni.

Nilimng'ata yule samaki wa kuchorwa kwenye kanga hadi meno yakauma. Huko nje umati wa Ulaya unapiga makofi, kengele za makanisa zinalia, na mimi nagugumia chini ya kelele zao. Nikawa naomba wasinyamaze. Nikawa naomba, Mungu nisamehe, waendelee kumpenda yule mtoto kwa makelele, ili mtu asimsikie wangu.

Polisi waligonga. “Huzhao! Huzhao!” Pasipoti. Bi Salma akafungua, akatoa yake. Nikasikia hatua zinakuja. Mlango wa chumba changu ukasukumwa, na kijana wa polisi akasimama pale. Alikuwa na umri wa mdogo wangu. Aliniona nimeshikilia ukingo wa kitanda, aliona sakafu. Tulitazamana. Nilitaka kumwomba, lakini Kichina chote kilinitoka kichwani. Nilidhani ataita wenzake. Yeye aliuvuta mlango taratibu mpaka ukafunga. Nikamsikia akisema neno sebuleni, nao wakatoka, wakaenda kugonga kwa jirani.

Sijui alisema nini. Bi Salma pia hakulielewa. Bado huwa naota ameufungua tena.

Binti alizaliwa jioni ile mikononi mwa Bi Salma, bila daktari, bila karatasi. Alilia mara moja tu, tukamfunika. Fikiria, Mama. Kilio cha kwanza cha mwanangu nilikizima kwa mkono.

Nilipompigia Baba, nilikuta analalamika kuhusu gazeti. Ukurasa wa mbele wote ni kitoto cha mfalme, na ndani msomaji mmoja ameandika barua kali akiuliza tulipigania uhuru wa nini, na mwingine amemjibu kwamba furaha haina uraia. Baba alikuwa upande wa yule mkali, bila shaka. “Wanawake wetu wanajifungulia chini, hakuna anayeandika!” Nikamwambia, Baba, nimejifungua. Chini. Nikamsikia akiliweka gazeti chini. Halafu kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake akauliza, “Na huyu wetu ana uzito gani?” Nilikuwa sijui. Tulikuwa hatuna mizani. Tulilia wote wawili.

Tukaishi hivyo, tumejificha. Nilimnyonyesha kabla hajalia. Nikisikia lifti, nabana pumzi. Msako ulikuwa haukomi, mara daraja la watembea kwa miguu, mara ndani ya Tianxiu kwenyewe, na habari za waliovunjika miguu kwa kuruka dirishani zilifika kila wiki.

Siku moja Mama Jeni wa Arusha, mteja wa Bi Salma, akaja na shauri. Alikuwa anasafiri kurudi, karatasi zake safi. “Mtoto hana cheti. Tumwandikishe kwa jina langu, nimpeleke kwa babu yake Moshi. Wewe ubaki utafute, utatoka baadaye. Nani atajua?” Alisema kwa upendo, Mama, usimhukumu. Nami nilikaribia kukubali. Nilikaribia sana. Nilianza hata kukunja vinguo vyake.

Kilichonizuia ni kumtazama mtoto usoni na kujaribu kutamka kwa mdomo, bila sauti, kwamba huyu ni mtoto wa Mama Jeni. Sikuweza. Yule wa Ulaya dunia nzima inajua ni wa nani. Huyu angekuwa wangu kwa siri, na watu waliozoea siri huishia kuiamini. Nikamwambia Mama Jeni asante. Kesho yake nilimbeba mtoto nikaenda kituo cha polisi kwa miguu yangu. Bi Salma alikuja nami, ingawa nilimkataza. Alisema yeye ndiye aliyemdaka, hivyo atasema alichokiona.

Walitutenganisha na Bi Salma. Mimi na mtoto tukawekwa kwenye chumba chenye wanawake wengine. Walisema, kupitia mkalimani, kwamba bila cheti watajuaje kuwa ni wangu? Wakatupeleka hospitali, wakatutoa damu, yeye na mimi. Kisha tukasubiri majibu. Kusubiri kule ndiko kulikonitia hofu kuliko ile siku ya kujifungua. Niliijua damu yangu, lakini nilikuwa nawaza, je, mashine ikikosea? Je, wakichanganya chupa? Usingizi wangu ulikuwa wa kumshika mkono tu.

Askari mmoja wa kike alikuwa anasoma jarida. Siku moja aliligeuza anionyeshe: jaladani yule mtoto wa mfalme, amevishwa lesi nyeupe. Akamwonyeshea kidole mtoto wa picha, akamwonyeshea wangu, akatabasamu. Akasema kitu, mkalimani akanitafsiria: “Anasema wako ana nywele nyingi zaidi.” Nikatabasamu kwa kuogopa kutotabasamu. Yeye aliwapenda wote wawili, nafikiri kwa kweli. Kisha akafunga jarida, akafunga na mlango kwa ufunguo.

Majibu yalikuja. Ni wangu. Sasa mkalimani naye amesema, na serikali imesema. Bi Salma walimwachia kwa onyo. Watu wa kwetu pale Tianxiu walinichangia faini, ubalozi Beijing ukatuma hati ya safari ya mtoto, nami nikapewa karatasi ya kuondoka nchini. Elia yuko Dar tayari anatusubiri.

Lakini bado hiyo foleni, Mama. Karatasi ninazo, nimezikagua hadi zimelainika, na bado naogopa kwamba kwenye kile kioo cha pasipoti mtu atanitazama, atamtazama, na kuniita pembeni. Ndiyo maana nimekaa nakuandikia badala ya kusimama.

Wanatangaza ndege yetu. Ameamka, na anataka kulia.

Nitamwacha alie. Nakuahidi hilo kwanza. Tutakwenda kwenye kioo akilia kwa sauti yake yote, watu wageuke watutazame. Na nikifika nyumbani nitamleta pale migombani ulikolala, na nitakutajia jina lake kwa mdomo, ingawa nadhani umeshalijua, kwa sababu ni lako, na Elia na Baba wote walilisema kabla sijawauliza.

Lala salama, Mama. Ninasimama sasa.

Mwanao,
Neema