Onyo la Tangi la Pili

Jumatatu, 3 Februari
Maziwa ya asubuhi yamepokelewa kituoni. Programu yangu ya Python inaandika joto la matangi mawili, mstari baada ya mstari, herufi nyeupe kwenye skrini nyeusi. Mchana tangi la pili likapata joto. Onyo lilitoka, jeupe kama mistari mingine, likapanda juu likapotea. Mama Paskalina, anayeangalia skrini, hakuliona. Tumemwaga maziwa nyuma ya jengo. Akina mama wa Endasak waliotuletea walisimama wakitazama. Meneja anamwita Paskalina mzembe. Si mzembe. Skrini ile ingemshinda yeyote.

Jumanne, 4 Februari
Kumbe ni rahisi. Unatanguliza alama fupi, \033[31m, na maandishi yanayofuata yanakuwa mekundu. 32 ni kijani, 33 ni njano ya tahadhari. Nimeweka zote. Meneja kacheka, kasema hapa ni kazini, si disko. Niziondoe.
Siziondoi.

Alhamisi, 6 Februari
Aibu. Nilisahau \033[0m, alama ya kurudisha rangi ya kawaida. Onyo moja dogo, kisha kila kitu kikawa chekundu mpaka chini. Meneja akadhani matangi yote yameharibika, akamzuia njiani dereva wa gari la maziwa. Akaniambia mbele ya watu: rangi zitoke, au nitoke mimi. Nimezitoa kwenye kompyuta ya kituo. Kwenye yangu zipo, na sasa kila onyo linafungwa linapoishia. Nina hasira. Bora hasira kuliko kulia.

Ijumaa, 7 Februari
Mzee Gidamis, mlinzi wetu, ndiye hushika skrini Paskalina akienda kula. Nimemwamkia, nikamwonyesha rangi zangu kwa majivuno. Akaangalia sana.
"Mwanangu, nyekundu ni ipi?"
Tangu utotoni haoni tofauti ya nyekundu na kijani. Nilitaka kufunga kompyuta niende zangu Nangwa kwa mama. Sikwenda. Rangi peke yake haitoshi, basi. Nimeongeza herufi nzito, nikageuza mandharinyuma yawe ya rangi na herufi ziwe nyeusi, nikaandika neno HATARI: \033[1;7;31m. Mzee akarudi nyuma hadi mlangoni. Akaliona.

Jumatatu, 10 Februari
Nimerudisha kila kitu kituoni. Sikuomba ruhusa. Meneja alikuja juu. Nikamjibu.
"Nifukuze, bosi. Ila akina mama uwaambie mwenyewe kwa nini."
Akatoka. Sijui kesho nina kazi au sina. Hainihusu. Rangi hazitoki.

Jumatano, 12 Februari
Umeme ulikatika upande wa matangi tu. Paskalina alikuwa anakula. Mzee Gidamis alikuwa ametoka kidogo hadi mlangoni, akauona mstari ule mzito, akaja mbio akiniita. Tukawasha jenereta. Tangi la pili halikufika pabaya. Meneja alikuja, akashika bomba la maziwa kwa kiganja, akasikia baridi. Akarudi ofisini kwake. Na mimi sikumfuata.

Ijumaa, 14 Februari
Mvua kidogo. Maziwa mengi. Meneja hajaomba radhi, na simngojei aombe. Jioni kabla ya kufunga alisimama nyuma yangu, akauliza kama ile njano ya tahadhari inaweza kukolezwa, maana jua likiingia dirishani inafifia.
Nikamwambia inawezekana. Akavuta kiti.