Bomba la Kijito cha Pili

S.L.P. 61,
Corvin, Idaho.
Septemba 14

Mpendwa mdogo wangu Verlin,

Hujambo huko Florida na joto lenu? Goti linaendeleaje tangu wakupasue? Na shemeji Nadine, bado anakuficha bekoni? Sisi huku wazima, ila miguu yangu siku hizi ni ya mapambo tu.

Sasa nikupe vituko. Ile barabara ya msituni tuliyoichonga mimi na wewe mwaka wa sabini na mbili, watu wa ofisi ya misitu wanaifukua. Wanailima kama shamba la viazi, wanatandaza nyasi kavu juu yake, kisha wanapanda vimiche vya misonobari vya urefu wa kidole. Eti wanaiponya ardhi. Watu wamesoma miaka yote hiyo ili waje walipwe kuharibu kazi iliyokwisha.

Msimamizi wao ni binti mmoja, Tamsin, buti zake safi kama zimetoka dukani leo. Anapima mteremko, anaandika, anapima tena ule ule. Kila asubuhi nilikuwa nakwenda na kiti changu cha kukunja na chupa ya kahawa, nikae niwasute. Siku moja akaniuliza, "Babu, hutuchoki tu?" Nikamwambia, "Mjukuu wangu, sarakasi ya bure nani anaichoka?"

Kilichonikera hasa ni kipande cha juu, kile kinachokwenda kwenye vichaka vya hakelberi, yale matunda madogo ya zambarau, alikokuwa akichuma mama, na ndiko tulikomwaga majivu ya mwili wake. Wakifukua na hicho, kwa miguu hii sifiki tena kule. Basi kwenye mkutano wa hadhara nilisimama mbele ya mji mzima, nikasema pale kijito cha pili kinapopita chini ya barabara nililaza bomba la chuma kwa mikono yangu, na halitaoza hata wajukuu wao wakizeeka. Tamsin akasema sawa, tukilikuta zima kipande cha juu kitabaki. Nilimdharau hata kwa kukubali upesi vile.

Jumanne wakachimba. Mimi kitini, nimekunja nne. Katapila likashuka futi tatu, sita, tisa. Bomba hakuna. Yakatoka magogo meusi, yameoza, na maji yamekula pango chini yake. Mvua moja kubwa tu, na kifusi chote kingeshukia kijito kinacholeta maji ya mji.

Umeshakumbuka, Verlin. Bomba lilichelewa, mawingu yametanda, na bosi anataka malori ya magogo yapite Jumatatu. Wewe ukasema, "Tupa magogo, funika. Nani atakuja kufukua?" Nami mkubwa wako nikafukia. Uongo ule nimeusimulia mpaka nikasahau kuwa ni uongo. Nyani haoni kundule.

Binti hakunicheka. Afadhali angenicheka. Aliniuliza tu, "Babu, sasa bomba lenyewe lilikwenda wapi?" Nikasema sijui, nikakunja kiti changu.

Jana alikuja nyumbani na barua: kipande cha juu kinafukuliwa. Kisha akasema kabla hawajaanza atanipandisha mwenyewe kwa gari, nikachume mara ya mwisho. Watu hawa hata kulipiza kisasi hawajui.

Alipoondoka, gari lake lilipita juu ya mtaro wa njia ya kuingilia kwangu. Chini pale ndipo lilipo bomba lile lililochelewa; tulilileta na lori la baba wiki iliyofuata. Zaidi ya miaka hamsini, halijaziba hata siku moja.

Kesho akija kunichukua nitamsimamisha pale nimwonyeshe. Nakuandikia mapema usije ukayasikia kwa dada Opal.

Msalimie sana Nadine, na Opal mkipigiana simu. Mungu akuponye goti upesi, uweze kusimama vizuri, maana binti akiniuliza nilikuwa na nani, nitakutaja.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hivyo hivyo,
Arvid