Haikuwa Gunia, Mama

Mama,

Shikamoo. Najua huko uliko hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini ningeanzaje bila kukuamkia?

Neema, mke wa Yona, ana mimba. Ndiyo, Yona wetu, yule waliyesema hataoa kwa mgongo ule! Anachomelea mageti kule Kizota, kapanga vyumba viwili, na sasa anatarajia mtoto. Ungepiga vigelegele hadi majirani watoke nje.

Lakini wiki ile ile tuliyopata habari, Shangazi akafika, akamkuta Neema kabeba ndoo ya maji, akampokonya. "Unataka kumvunja mtoto mgongo kama wifi yangu alivyomvunja huyu?" Yona alikuwa amekaa pale pale. Miaka yote hii, na bado.

Nakumbuka ulivyokuwa ukimwogesha uani kule Bahi. Ukifika pale mgongo ulipopinda, mkono unasita, unamwagia maji polepole, unasema, "Nisamehe, mwanangu." Kila ukimwogesha. Ulilibeba lile gunia la mpunga kwa sababu Baba alikuwa kitandani na mvua ilikuwa inakuja, na wewe tumbo limeshakuwa kubwa. Yona alipozaliwa, ukoo ukakaa kikao, wakasema gunia ndilo lililomharibu mtoto. Ukaamini. Hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe, kwamba uliondoka ukiamini.

Sasa nisikilize. Kazi yangu hapa chuoni ni kuangalia vifaranga kabla hawajaitwa vifaranga. Nafungua yai lililoatamiwa siku chache tu, naweka kiinitete chini ya hadubini. Vipande vitakavyokuwa pingili za mgongo vinajipanga kuanzia kichwani kushuka, jozi baada ya jozi, kila jozi kwa zamu yake. Kuna jeni zinazowaka na kuzimika kwa mapigo, kama mtu anayetwanga, na kila pigo linakata kipande kipya. Mapigo yakivurugika, pingili inatoka nusu, au mbili zinashikana. Ndivyo picha ya eksirei ya mgongo wa Yona ilivyoonyesha. Kwa nini yalivurugika kwake, sijui. Hata walimu wangu hawayajui yote.

Ila hili nalijua: kwa binadamu kazi hiyo inafanyika mapema mno, wakati mama mwenyewe bado anajiuliza kama siku zake zimechelewa tu au vipi. Wewe ulibeba gunia wakati wa mavuno, Yona akikupiga mateke. Pingili zake zilikuwa zimeshapangwa zamani.

Haikuwa gunia, Mama. Haikuwa wewe.

Nilimleta Shangazi maabara. Akagoma mlangoni: "Mayai nimekaanga mangapi, leo nije kuonyeshwa yai?" Nikamvuta ndani, akainama kwenye hadubini, akatazama. Akaniuliza, nikamweleza, akauliza tena. Mwisho akasema, "Kumbe wifi yangu nilimwonea." Akalia. Nami nikalia, ingawa nilikuwa nimejiapiza kumgombeza kwanza.

Yona nilimweleza jioni, akiwa na mkewe. Akasema, "Mimi nilidhani ananiomba msamaha kwa sababu maji ni ya baridi." Mama, mtoto hakuwahi kukulaumu hata siku moja. Wakati ule hakujua hata kosa lenyewe ni lipi.

Jumapili tukitoka kanisani tunakuja kaburini. Shangazi ameomba tumwache na wewe kidogo, peke yenu. Mvumilie. Unamjua, hajazoea kuomba radhi, ataanza kwa kulalamikia magugu.

Nami nakuahidi, mtoto wa Neema akizaliwa na mgongo wowote ule, hakuna atakayemtupia mama yake neno kama lile nikiwa hai.

Ulikuwa ukitoka shambani unaita kutoka mbali, "Njoo unitue, mwanangu!" nami natoka mbio kupokea mzigo. Safari hii nimechelewa sana, nisamehe. Lakini nimefika.

Tua, Mama.

Mwanao,
Rehema